Mstari wa Pembeni

Juni, theluji ikishaipisha barabara,
tunapanda ngano huku juu, bonde la Lahauli,
mita elfu tatu juu ya joto la Karnali
ambako mavuno yalikwisha Aprili na udongo sasa unachemka.
Miaka miwili tunaibana ndani ya mmoja.
Mbegu haipumziki. Sisi vilevile.

Vitalu mia sita na arobaini,
kila kimoja na kibao chake, namba kwa kalamu ya risasi,
maana wino hulia mvua inyeshapo.
Na kila baada ya mistari kumi,
na kulizunguka shamba lote kama upindo wa shuka,
Palmo Buti hupanda ile ngano dhaifu.
Kazi yake ni kuugua.

Mwaka wa kwanza sikuelewa.
Kwa nini kuipa samadi, kuipa maji ya barafu,
kitu tunachojua hakitafika?
Daktari Gurdarshan hakuinua macho daftarini:
"Ugonjwa nao unataka pa kulala."

Basi Julai, jua likishajificha nyuma ya miamba,
tunakoroga vumbi la kutu ndani ya maji,
tunalinyunyiza pembeni kwa bomba la mgongoni,
kama mtu anayemkaribisha mwizi
na kumwonyesha komeo.
Siku kumi na mbili. Halafu manjano,
mistari ya unga iliyonyooka kama mshono wa cherehani,
jani hadi jani, hadi jani la juu kabisa,
na suruali zetu zinatoka shambani
kama zimechovywa bizari.

Ndipo hukumu. Yeye anataja, mimi naandika.
Mia mbili na tatu: asilimia sitini. Ng'oa.
Mia mbili na nne: themanini. Ng'oa.
Mia mbili na tano: vidoa vichache, vimejifia vyenyewe. Acha.
Mia nne kumi na saba

(ah, mia nne kumi na saba,
punje hamsini na nane kwa suke;
nyanya yake nilimzalisha kwa kibano,
nikimtoa stameni tatu tatu kila ua,
nikamvika bahasha, nikaandika juu yake
jina la mama na jina la baba)

asilimia arobaini.
Daktari alinyamaza kidogo. Kwake hiyo ndiyo rambirambi.
Ng'oa.

Palmo Buti hung'oa akikung'uta mizizi, hasemi.
Lakini siku hiyo alisimama kwenye mstari wa pembeni,
jani la manjano mkononi, akalifuta kwa dole gumba.
"Hii ngano ya babu yangu," akasema.
"Mliichukua kwetu, kopo moja la chai.
Kabla ya barabara haikuwahi kuugua.
Kutu haikujua njia ya kuja huku.
Nani aliileta?"
"Upepo," nikamwambia.
Akatazama viatu vyangu.

Septemba, mizani.
Mia mbili na tano ilitoa kilo nne na gramu mia nane,
Daktari akaipigia mstari mara mbili,
akaimba kidogo kwa Kipunjabi, vibaya.
Ya pembeni haikupimwa. Punje zake zimesinyaa,
ukizipuliza zinaondoka na makapi.

Palmo Buti aliziomba. Akazisaga, akachota maji,
ikatoka chapati moja, upana wa kiganja,
tukaigawana watatu tukiwa tumesimama.

Nilitafuna polepole.
Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka
daftari lina safu ya kimo, safu ya kutu,
ya siku za kuchanua, ya uzito wa punje elfu.
Nikanyonya vidole.

Nyuma ya ghala kuna mita moja ya mraba
anayoipulizia dawa, mwenyewe, kila wiki,
ili ipatikane mbegu nzima ya kuja kuugua.
Alikuwa ameifunga kwenye leso, fundo mbili.
"Mwakani niipande wapi?"
"Palepale," Daktari akajibu, akitafuta kofia yake.
Nayo ilikuwa kichwani.